Maumivu Hayasubiri Boti Ifike Bandari ya Itungi

Hotuba iliyotolewa Kyela, mkoani Mbeya, mbele ya viongozi wa mialo, wamiliki wa boti, watumishi wa afya na waokoaji wa kujitolea wa Ziwa Nyasa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yako, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia uvuvi mialoni), manahodha na wenye boti, vijana wa Msalaba Mwekundu, wazee wetu, mama zangu na dada zangu mnaoanika na kuuza usipa, dagaa wa ziwa hili: mwaghonile!

Nimeombwa nizungumzie swali moja. Mtu akiumia majini, na anayemfikia wa kwanza akawa mvuvi au kijana wa kujitolea, mwokoaji huyo anaruhusiwa kumpa nini cha kumpunguzia maumivu? Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kwenye mwambao huu miaka mingi, kwa hiyo sitazunguka. Kwa hali ilivyo, mwokoaji wetu hana karatasi yoyote mkononi inayomwambia ampe nini, asimpe nini, na nani atasimama naye akiulizwa kesho yake. Nataka karatasi hiyo iwepo. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Ninyi mnalijua ziwa hili kuliko mimi. Ukitoka Matema kuelekea kusini, milima ya Livingstone inashuka hadi kwenye maji. Ikombe, Lumbila, Kilondo, Makonde mpaka Lupingu, kule boti ndiyo barabara. Mtu akivunjika mguu Kilondo hapigi simu akafuatwa na gari. Anapakiwa kwenye boti ile ile iliyobeba mahindi na magunia ya usipa, na kama ni miezi ya kusi, kati ya Mei na Agosti, mawimbi yanaweza kuwaweka majini usiku kucha. Saa hizo zote yupo na nani? Yupo na nahodha, abiria wenzake, na Mungu akijalia, kijana mmoja aliyesomea huduma ya kwanza.

Na si kwetu tu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliposhuka ndani ya Ziwa Victoria pale Bukoba, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Taifa zima lilimfahamu Majaliwa Jackson siku ile. Watu 24 walitoka hai, 19 wakatutoka. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, waliofika mapema walikuwa watu wa visiwani na vyombo vyao. Ziwa letu nalo lina kumbukumbu zake: Julai 1946 meli ya Vipya ilizama upande wa Malawi ya leo, ikaondoka na watu 145. Serikali hufika, na inapofika hufika na vifaa. Lakini saa ya kwanza ni ya jirani, na saa ya kwanza ndiyo yenye maumivu makali kuliko zote.

Naomba niwaeleze kisa kimoja, maana kimenikaa.

Usiku mmoja tulipokea kijana, baharia wa boti ya mizigo. Walikuwa wanashusha saruji kwenye mwalo mmoja wa upande wa Ludewa, wimbi likainyanyua boti, mguu wake ukabanwa kati ya ubavu wa boti na jiwe. Paja lilivunjika. Alipofika kwetu, kipande cha kitenge alichokuwa amekiuma njia nzima kilikuwa kimetoboka. Waliomleta walikuwa watu wenye huruma kweli, tena huruma ya vitendo. Mmoja alikuwa amemnywesha gongo. Mwingine alikuwa na vidonge vya rangi mbili ndani ya kipande cha gazeti, akampa viwili viwili. Abiria mmoja alikuwa na sindano ya diclofenac, dawa ya maumivu, aliyomnunulia mama yake, akamchoma kijana. Mguu wenyewe ulikuwa unaning'inia bila kufungwa, na kila boti ilipopiga wimbi mfupa ulisogea ndani ya nyama.

Niliuliza vile vidonge ni vya nini, na alivimeza saa ngapi. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Presha ilikuwa chini, pumzi zilikuwa za polepole, harufu ya pombe imejaa chumba. Morfini, dawa kali ya maumivu, tulikuwa nayo kabatini, lakini daktari hakuweza kuitoa mara moja, kwa sababu hakujua tayari kuna nini ndani ya mwili ule. Kama vile vidonge vilikuwa tramadol, dawa nyingine ya maumivu inayolewesha, pamoja na gongo, morfini juu yake ingeweza kumzima pumzi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ameteseka usiku kucha akateseka tena hospitalini, mbele ya dawa.

Kati ya waliomleta alikuwepo kijana mwenye cheti cha huduma ya kwanza. Nilimuuliza, mwanangu, mbona hukumfunga hata huo mguu, wala kumpa panadol? Akanijibu: "Sista, angefia mikononi mwangu wakasema ni dawa yangu, ningejitetea kwa karatasi gani?"

Sikuwa na la kumjibu. Fikirini jinsi mambo yalivyopinduka. Wasiosoma chochote walitoa dawa tatu bila kuogopa, kwa sababu hawakujua hatari yake. Aliyesoma alikunja mikono, kwa sababu alijua kwamba dawa ina sheria. Kanuni isiyomfikia mtu mwenye mafunzo inamfunga yeye peke yake, na kumwacha huru asiyejua.

Sasa niwatendee haki wanaoziogopa dawa hizi, kwa sababu hawaogopi bure. Maumivu makali yanaharibu: mapigo yanakwenda mbio, mtu anapumua juu juu, anajirusha, mfupa unakata mishipa zaidi. Paja lililovunjika linaweza kumwaga zaidi ya lita moja ya damu ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje. Lakini dawa kali nazo huua. Morfini hupunguza pumzi. Aliyegonga kichwa ukimpa dawa ya kumlewesha, huwezi tena kujua kama anasinzia kwa dawa au kwa damu inayovuja kwenye ubongo. Na kuna jambo madaktari wa Vita Kuu ya Pili waliliona kwa macho yao: majeruhi aliyepoa kwa baridi na kupoteza damu, ukimchoma morfini kwenye msuli, haimsaidii, kwa sababu damu haifiki kwenye msuli ule. Unamwona bado analia, unamchoma tena. Baadaye akipashwa joto na damu ikirudi, sindano zote zinaingia mwilini kwa mkupuo, na anaacha kupumua. Majeruhi wa ziwani ni mtu wa namna hiyo hiyo: amelowa, amepigwa na upepo, amepoteza damu. Kwa hiyo sijaja kuomba kila mvuvi apewe bomba la sindano. Hapana. Sindano ya morfini ibaki kwa tabibu, muuguzi na daktari.

Ninachoomba kimekwisha kufanyika kwingine, na hakikuleta maafa.

Tuanze na meli kubwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 wa dawa za kulevya, huu huu ambao nchi zinautumia kuzibana heroini na kokeini, una kifungu cha 32 kinachoruhusu meli na ndege za safari za kimataifa kubeba kiasi kidogo cha dawa hizo kwa ajili ya huduma ya kwanza na dharura. Waandishi wa mkataba ule walielewa kwamba katikati ya bahari hakuna duka la dawa. Nahodha wa meli isiyo na daktari ana sanduku la dawa lenye orodha, ana mafunzo, na ana mtu wa kumuuliza. Tangu mwaka 1935 kipo kituo Roma kinachowapa mabaharia ushauri wa daktari kwa redio, bila malipo, popote walipo. Baharia wa meli ya makontena anaweza kuvunjika mkono katikati ya bahari na akapata nafuu kwa maelekezo ya daktari ambaye hawatakutana maisha yao yote. Baharia wetu wa Kilondo, mwenye mfupa ule ule na maumivu yale yale, anapata gongo.

Nchini Uingereza wana chama cha boti za uokoaji kinachoitwa RNLI, kilichoanzishwa mwaka 1824. Wengi wa wanaopanda boti zile ni watu wa kujitolea, wavuvi, walimu, mafundi, wanaoacha kazi zao kengele ikilia. Kanuni za dawa za nchi hiyo za mwaka 2012 zinakitaja chama hicho kwa jina: mtoa huduma ya kwanza wake mwenye cheti anaruhusiwa kutoa dawa kwa kiwango kinachohitajika kumtibu mgonjwa au majeruhi. Haikuachwa kwenye busara ya polisi atakayekuwa zamu siku hiyo.

Kwenye boti zile wanatumia gesi, mchanganyiko nusu kwa nusu wa oksijeni na nitrasi oksaidi, unaoitwa Entonox. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa anashika mwenyewe kifaa cha kuvutia na kuvuta mwenyewe. Akianza kulewa, mkono unalegea, kifaa kinadondoka, anavuta hewa ya kawaida, na baada ya dakika chache gesi imemtoka mwilini. Mwokoaji kazi yake ni kutomshikilia kile kifaa mdomoni. Mtu asiye daktari anaweza kufundishwa hilo na akalishika. Ina makatazo yake: asipewe aliyeumia kifua ikiwa hewa imevuja nje ya pafu, asipewe aliyegonga kichwa na kuanza kusinzia, na asipewe kabisa mpiga mbizi aliyepanda juu haraka, kwa sababu gesi ile inapanua mapovu ya hewa yaliyonasa mwilini. Hili la mwisho ndugu zangu mnaozamia samaki wa mapambo lishikeni. Australia nao wanatumia dawa nyingine ya kuvuta, methoksiflureni, kwenye kifaa kidogo kinachokaa mfukoni. Wameitumia miongo mingi kwenye magari ya wagonjwa.

Lakini msidhani Waingereza walizaliwa na ruhusa hizo. Kwa upande wa milimani zilipiganiwa, na aliyezipigania alipelekwa mahakamani. Mwaka 1928 kijana mmoja mpanda milima alivunjika paja kwenye majabali ya Laddow. Wenzake walimbeba kwa saa nyingi kwenye machela ya kuungaunga, bila dawa yoyote, na mwishowe mguu ulikatwa. Daktari wa upasuaji wa Manchester, Wilson Hey, aliamini kwamba safari ile ya maumivu ilimdhuru kijana kuliko lile anguko lenyewe. Akaiomba serikali iruhusu morfini kwenye vituo vya uokoaji wa milimani. Ikakataa. Akanunua kwa fedha zake, akaigawa kwa vikosi vya kujitolea miaka na miaka, huku akijua anavunja sheria. Mwaka 1949 wakamshtaki, akatozwa faini ya pauni 10. Kesi ile ikaufanya umma uulize swali jipya: kama daktari ana hatia, waokoaji wabebe nini? Baada ya hapo serikali ikaruhusu vikosi vile vibebe morfini, kwa masharti. Tangu alipovunjika yule kijana mpaka hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 20. Mimi siombi mtu yeyote hapa avunje sheria kama Daktari Hey. Naomba tusitumie miaka 20.

Wapo watakaosema, hayo ni ya Ulaya, sisi hatuna utaratibu wa kumwamini mtu asiye mfamasia. Tunao, na ulianzia jirani hapa. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule ilianza majaribio ya Duka la Dawa Muhimu. Wazee mnakumbuka maduka ya dawa baridi yalivyokuwa. Sheria iliwaruhusu kuuza dawa za kawaida tu, lakini chini ya kaunta kulikuwa na kila kitu, antibiotiki za kila aina, na muuzaji hakufundishwa lolote. Kukataza peke yake hakukusaidia kitu. Ndipo serikali ikafanya jambo la busara sana: ikawafundisha wauzaji wale, ikawapa orodha yenye kikomo iliyojumuisha baadhi ya dawa ambazo zamani zilihitaji cheti cha daktari, ikaweka daftari, ikaweka ukaguzi hadi ngazi ya kata. Mpango ule ukaenea Tanzania Bara yote. Nani kati yetu leo hajawahi kununua dawa kwenye DLDM? Basi mantiki ni ile ile: mafunzo, orodha fupi, daftari, ukaguzi. Tumewafanyia wenye maduka. Tuwafanyie wenye boti.

Na majirani zetu wa Uganda, mwaka 2004, walikwenda mbali zaidi. Waliruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi, kuandika morfini ya kunywa kwa wagonjwa, kazi iliyokuwa ya madaktari pekee. Wagonjwa wa saratani vijijini wakapata nafuu nyumbani kwao.

Sasa nieleze ninachokitaka, kwa lugha ya kazi. Nataka tuandike pendekezo, kutoka wilaya hii na wenzetu wa Ludewa na Nyasa, liende Wizara ya Afya, TMDA inayosimamia dawa na vifaa tiba, TASAC inayosimamia usafiri wa majini, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Liseme kwamba mwokoaji wa majini mwenye cheti kinachotambulika, cheti chenye tarehe ya kuisha, aruhusiwe kwa maandishi kutoa dawa zilizotajwa majina. Orodha ianze fupi: parasetamo ya vidonge na ya maji kwa watoto, na dawa moja ya kuvuta ambayo TMDA itaikubali. Tramadol isiwemo. Diclofenac ya sindano isiwemo. Kabla ya kutoa dawa ya kuvuta, mwokoaji apige simu kwa daktari wa zamu akiwa na mtandao. Akikosa mtandao afuate karatasi iliyo ndani ya kifuniko cha sanduku. Na aliyefuata karatasi ile kwa nia njema asishtakiwe kama muuza dawa. Sentensi hiyo moja ndiyo ambayo yule kijana aliikosa.

Simu siyo ndoto. Leo mama mjamzito akipata tatizo, familia inapiga 115, na mpango wa m-mama unatafuta dereva wa kawaida wa kijijini na kumpeleka. Serikali imekwisha kukubali kwamba mtu wa kawaida akiunganishwa na simu sahihi anaokoa maisha. Ziwani tunahitaji uzi huo huo urefuke kidogo.

Najua mtaniuliza kuhusu wizi. Dawa zikiwekwa mwaloni, si vijana watazimaliza kwa kulewa? Ni swali la haki, na mama yeyote mwenye kijana wa kiume hapa Kyela ana sababu ya kuliuliza. Ndiyo maana nimesema tramadol isiwemo. Sanduku liwe na kufuli na namba, funguo zikae kwa watu wawili waliotajwa, kila kilichotumika kiandikwe jina la mgonjwa, saa, kiasi na sahihi, na muuguzi wa zahanati ahesabu kila mwezi. Ikipungua bila maelezo, mwalo ule unapoteza sanduku. BMU mmeweza kusimamia nyavu haramu, ambako kuna fedha na ugomvi. Sanduku moja hamtashindwa.

Kanuni hazitabadilika wiki ijayo, na boti zinaondoka leo jioni. Kwa hiyo hiki nawaachia, na hakihitaji kibali cha mtu. Dawa ya kwanza ya mfupa uliovunjika ni kuufunga usicheze. Chukua vipande viwili vya mbao, kasia likivunjwa linatosha, weka kanga au sweta katikati, funga juu na chini ya palipovunjika, na mguu usioumia ufungwe pamoja na ule ulioumia. Gusa vidole: vikipoa na kubadilika rangi, legeza. Majeruhi ataomboleza unapofunga, lakini baadaye utamwona uso unalegea. Mvue nguo zilizolowa, mfunike. Usimlaze mbele ya boti panapopiga wimbi; mlaze katikati, chini, mtu mmoja akae naye akimshika na kumsemesha. Kuzungumza naye nako kunapunguza maumivu, msikudharau.

Mtu mzima aliye macho, anayemeza vizuri, asiyetapika na asiye na jeraha la tumbo, mpe parasetamo mbili za miligramu 500, ukishamuuliza kama ameshameza nyingine na kama ana ugonjwa wa ini. Zisizidi gramu nne kwa siku. Andika saa, hata kwa kalamu mkononi mwake. Aliyetolewa majini akiwa hajitambui vizuri asipewe kitu chochote mdomoni. Gongo usimpe kamwe: inapoteza joto la mwili na kuficha jeraha la kichwa. Sindano ya mtu mwingine usimchome. Na ukifika, mwambie muuguzi ukweli wote, hata kama ulimpa kitu usichopaswa kumpa. Hatutakugombeza, tunataka kujua tuanzie wapi.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, pendekezo litahitaji barua yako, na rasimu yake ninayo hapa. Mganga Mkuu, kwako nina ombi dogo linalowezekana sasa hivi: namba moja ya simu ya tabibu wa zamu, inayopokelewa usiku, ambayo manahodha hawa wataiandika ndani ya boti zao kabla hatujatoka kwenye ukumbi huu. Kalamu ninazo za kutosha, nitazigawa wewe ukiisoma.